Shingo ya Babu Korongo

1

Asubuhi ya Jumanne ile Nyamizi Mihayo aliongeza shingo ya Babu Korongo vidole viwili, akarudi nyuma hatua tatu kuitazama, akatikisa kichwa. Bado. Shingo ilikuwa ndefu, sawa, lakini ndefu ya twiga, ndefu ya kukaa tu. Yeye alitaka shingo inayochungulia. Ipite dirishani kabla mwenyewe hajafika mlangoni, ikunje kona ya nyumba, imkute mtoto aliyeficha kipande cha sega nyuma ya mgongo.

"Kivuli," alisema.

Ukuta wa picha ukazima rangi zote, Korongo akabaki doa jeusi kwenye weupe. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake tangu aanze kazi hii ya kuchora katuni miaka kumi na tisa nyuma: mtoto wa miaka minne aoneshwe kivuli kitupu, bila macho wala mdomo, na amtaje mwenyewe papo hapo. Masikio mawili kama nyungo zilizoanikwa. Kikofia kidogo kama kifuniko cha chupa. Magoti yanayopanda juu kuliko inavyowezekana.

"Chumvi nane."

Shingo ikatiwa chumvi kiwango kimoja zaidi, ikarefuka tena. Masikio akayapunguza kidogo kwa mkono wake mwenyewe, yasishindane nayo, maana ukitia chumvi kila chungu hakuna atakayejua kipi ulichotaka alambe. Kimoja kikikua, kingine kikubali kupungua. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilijua kwa kukosea sana.

"Chumvi tisa."

Safari hii ukuta haukutii mara moja. Utepe uliozunguka kichwa chake ukapata joto kwenye panja, dalili kwamba chekeche limerudi kwake kutafuta. Chekeche ndilo jina waliloipa mashine pale studio, Dodoma. Watu wa nje walidhani linabuni. Halikuwa na ubunifu hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuuliza: kabla ya kurefusha shingo lilitaka kwanza kuiona ile ya kweli, ndani ya kichwa cha mtu aliyewahi kuiona, ndipo liivute. Kwa sababu hiyo katuni zake zilipumua. Watoto walijua, bila kuambiwa, kwamba huyu mtu aliwahi kuwapo.

Nyamizi akafumba macho, akamwita baba yake kama alivyozoea.

Alianzia Tabora, Isevya, alasiri ya kiangazi, vumbi jekundu limetulia kwenye majani. Baba anarudi kutoka porini baada ya majuma mawili, anasukuma baiskeli, madebe mawili ya asali yamefungwa kwa mpira nyuma. Kwanza inakuja harufu: moshi, nta, na shati la kaki lililokaukia jasho. Halafu kengele ya baiskeli, inayopigwa mara mbili hata kama njia nzima ni tupu. Halafu sauti: "Nani hapa hajala asali leo?" Halafu anageuka.

Baba akageuka. Shingo yake ikapita juu ya usukani, ikavuka mtaro, ikamfikia Nyamizi mlangoni. Masikio yakapepea.

Nyamizi alifumbua macho.

Akajaribu siku nyingine. Baba amekaa kwenye kigoda anakula. Magoti yamefika masikioni. Baba anamfundisha kusoma gazeti. Kichwani ana kifuniko cha chupa. Baba siku ya Idi, baba anasinzia kwenye mkeka, baba anamsindikiza stesheni akienda chuo. Kila mlango alioufungua alitoka Korongo, mchangamfu, tayari kuchekesha.

Alipoajiriwa alielezwa, na alitia sahihi. Kumbukumbu haikai kabatini kama picha. Kila mtu anapokumbuka jambo, jambo hilo hulainika kama nta iliyosogezwa motoni, na likipoa huganda upya kwa umbo lililokuwa nalo wakati huo. Kwa watu wote ni hivyo, ndiyo maana ndugu wawili husimulia msiba mmoja kama misiba miwili. Chekeche liliivuta nta hiyo ingali laini. "Kunaweza kuwa na mabadiliko madogo," mhandisi alimwambia. Nyamizi alikuwa na miaka ishirini na sita, baba yake alikuwa na miezi minane kaburini, na alichotaka ni kumwona akitembea tena. Angesaini chochote.

Alivua utepe, akafungua droo, akatoa picha. Mwanamume mwembamba amesimama kando ya baiskeli. Shingo ndefu kiasi, masikio yaliyosimama kiasi. Mtu wa kawaida kabisa, ambaye ukipishana naye sokoni hugeuki. Nyuma ya picha paliandikwa, kwa mwandiko wake mwenyewe wa utotoni: Baba, nyumbani.

Ilibidi asome ndipo aamini.

2

Sekela Mwakyoma, msimamizi wa studio, alikuwa mwanamke wa Tukuyu mwenye moyo mzuri na miguu isiyotulia. Habari mbaya hakuweza kuzitoa akiwa amekaa.

"Chekeche limeandika 'chanzo kimekwisha,' dada Nyamizi," alisema, akitembea kati ya dirisha na meza.

"Nimeona."

"Maana yake kila likirudi kwako linakuta kile lilichokiweka lenyewe."

"Najua maana yake, Sekela. Nimeikuta mimi mwenyewe."

Sekela akasimama, akamtazama, akaelewa. Alivuta kiti, na kwa mara ya kwanza Nyamizi alimwona akikaa bila kualikwa.

"Pole," alisema. Halafu: "Humwoni kabisa?"

"Namwona kila siku. Ana shingo ya futi nne."

Hawakucheka. Nje, vijana wanaozichezesha picha walikuwa wakibishana juu ya namna kikofia kinavyopaswa kuruka upepo ukivuma.

"Tangu chekeche lianze kusuasua mwezi uliopita tumejaribu kuendelea na tulichonacho," Sekela alisema. "Tumetengeneza vipande vitatu bila chekeche. Watoto wanaangalia dakika mbili wanaondoka kwenda kucheza. Hawasemi kibaya, wanaondoka tu. Halafu juzi nimeletewa sauti kutoka Njombe. Mtoto wa miaka sita, alikuwa hasemi tangu mama yake afariki. Miezi kumi na moja. Neno lake la kwanza, unajua ni lipi?"

Nyamizi alijua.

"'Nani hapa hajala asali leo.' Alimwambia shangazi yake, mezani. Sasa wanauliza Korongo anarudi lini. Niwaambie nini?"

"Waambie Korongo alikuwa mtu, na mtu huisha."

"Yuko mwingine aliyemjua mzee?"

"Hakuna," alisema Nyamizi, haraka mno.

Sekela alishika ukingo wa meza. "Mama yako alinipigia simu wiki iliyopita. Sikukwambia, nilidhani atakwambia mwenyewe. Aliuliza kama mashine inapokea na wazee, na kama kweli hubadilisha anachokumbuka mtu." Akashusha sauti. "Sikumtafuta mimi, naapa. Na sheria unaijua: mwenye kumbukumbu ndiye anayeamua kwa kinywa chake. Mimi siwezi kumlazimisha, na wewe huwezi kumkatalia."

3

Bi Kabula alishuka kutoka kwenye treni ya asubuhi na kikapu cha karanga na chupa mbili za asali, utadhani Dodoma hakuna chakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hiyo mashine yenu inakula na nyama?"

Alitaka kwanza kumwona Korongo. Nyumbani kwake Isevya ukuta wa picha uliharibika siku nyingi na hakuona haja ya kuutengeneza. Alikuwa akisikia tu watoto wa jirani wakicheka. Nyamizi akamkalisha chumba cha mazoezi, wao wawili peke yao, akamwashia kipande ambacho watoto walikipenda kuliko vyote, kile ambamo Korongo anakimbizwa na nyuki.

Korongo alitoka vichakani kama mtu aliyerushwa. Magoti yalipanda hadi masikioni, moja baada ya jingine, shingo imegeuka nyuma kutazama wingu la nyuki, na mikono yote miwili imekumbatia tumbo. Wale vijana walidhani anashika suruali isianguke, wakaitia chumvi suruali nayo, ikawa inapepea kama bendera.

Bi Kabula alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ni yeye. Ee Mungu wangu, ni yeye mtupu." Akaomba kirudiwe. Mara ya pili alicheka kidogo. Mara ya tatu hakucheka.

"Mbona hajabeba kitu?"

"Abebe nini, mama?"

"Wewe."

Nyamizi alisimamisha picha. Korongo akabaki hewani, mguu mmoja juu.

"Ulikuwa na miaka minne," alisema mama yake. "Tulikuwa kule porini, njia ya Sikonge, tumemfuata kambini. Uliuchokonoa mzinga kwa kijiti. Mimi nilisikia tu mvumo. Baba yako alikufikia kabla yangu. Akakuingiza ndani ya shati lake, akafunga vifungo, akakimbia nawe hadi kwenye bwawa. Magoti aliyapandisha hivyo kwa kuwa nyasi zilikuwa kifuani na hakuona anapokanyaga, wewe ulikuwa umemziba. Nilimtoa miiba mia moja na kumi na nne. Niliihesabu kwa sauti ili asilale. Wewe ulipata mmoja, kidoleni, ukalia kuliko yeye."

"Mimi nakumbuka nikimtazama kwa mbali," Nyamizi alisema polepole. "Nimesimama pembeni, nacheka. Anakimbia peke yake."

"Hukusimama popote. Ulikuwa ndani."

Nyamizi alikaa chini, sakafuni, kama alivyokaa utotoni. Alielewa. Miaka kumi na tisa chekeche lilikuwa likipepeta siku ile, na kila lilipopepeta lilibakiza kinachochekesha. Mtoto ndani ya shati hachekeshi. Alidondoka mahali fulani, kati ya chumvi ya pili na ya tatu, na mchoraji mwenyewe hakugundua kwamba aliyedondoka ni yeye.

"Mama, hutakaa kwenye kile kiti cha chekeche," alisema. Akamweleza yote: picha ya kwenye droo, mwandiko wa nyuma, sura asiyoitambua. "Ukikaa, hatabaki mtu duniani anayemjua. Utabaki na huyu." Alimnyooshea Korongo kidole.

Bi Kabula alitia mkono kikapuni. Alipasua karanga moja, hakuila.

"Wewe umebaki na anayekimbia," alisema. "Mimi, unajua nimebaki na nani? Nimebaki na wa kitandani. Miezi saba. Miguu kama vijiti vya ufagio, na macho yananitazama hayanijui. Miaka ishirini, Nyamizi, kila nikifumba macho ni huyo. Nikisikia kengele ya baiskeli nageuka, nakuta ni huyo. Ile siku ya nyuki nimeiona leo kwa kuwa umenionesha. Nilikuwa sinayo tena, huyo wa kitandani ameziba mlango wote. Mpe mashine. Niachie mimi wa kukimbia."

"Chekeche halichagui, mama. Litachukua na mengine."

"Basi lichukue. Mume ni wangu."

"Na baba ni wangu!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mama yake hakushtuka. Alimtazama vile wanawake wanavyotazama mtoto aliyeanguka, kwanza kuona kama ameumia kweli.

"Ni wako," alisema. "Ndiyo maana nimekuja mapema. Kiti chao ni Ijumaa. Leo ni Jumatatu. Leta daftari."

4

Kwa siku tatu Nyamizi hakugusa ukuta. Alimleta mama nyumbani kwake, wakakaa barazani tangu chai hadi jua kupinda, na Bi Kabula akasimulia. Alisimulia bila mpangilio, kama anayefungua sanduku na kutoa kila kinachotangulia mkononi: namna mumewe alivyoichukia bamia, namna alivyopuliza chai hata ikiwa imepoa, wimbo wa wachunga ng'ombe alioujua nusu tu na nusu nyingine akaitungia matusi. Alisimulia na ule ugonjwa. Hapo alisema taratibu, akisubiri kalamu imfikie, na hakuruka kitu.

Siku ya pili Nyamizi alichukua penseli. Hakuwa ameshika penseli kwa miaka. Akamchora Korongo, kwa kuwa ndiye pekee mkono wake uliyemjua, akamwekea mama karatasi mapajani.

"Punguza sikio," alisema mama. "Punguza tena. La kulia lilikuwa limelala kidogo, alizaliwa nalo. Shingo nayo, eh, hebu mhurumie mwenzako. Hapo. Shusha mabega. Alikuwa na mabega ya mtu anayesikiliza."

Kazi yote ambayo Nyamizi aliifanya maishani ilikuwa kuongeza. Sasa alifuta. Karatasi ya tano, ya tisa, ya kumi na nne. Kila mstari aliouondoa ulimfanya mzee azidi kuwa mtu asiye na la ajabu, na kila mara mkono wake ulitaka kurudi kule kwenye magoti na nyungo. Alasiri ya siku ya tatu Bi Kabula aliichukua karatasi, akainua mkono kuziba mdomo, akakaa hivyo.

"Huyo," alisema hatimaye. "Huyo alinioa."

Nyamizi aliutazama uso ule kwa muda mrefu. Alisubiri kitu kimguse. Ulikuwa uso mzuri, wa mtu mwema, na hakumjua.

Hakumwambia mama yake.

Ijumaa saa nne Bi Kabula alikaa kwenye kiti. Sekela alimsomea karatasi yote neno kwa neno, akamuuliza mara tatu, na mara ya tatu bibi akamwambia kwamba hata siku ya ndoa hakuulizwa mara nyingi hivyo. Nyamizi alimfunga utepe kichwani kwa mikono yake. Sekela alikuwa amependekeza mtu mwingine aiendeshe mashine, lakini Nyamizi alikataa. Alijua kwamba angeweza kuchomoa waya mmoja tu nyuma ya ukuta, akasema imeharibika, na mama angerudi Tabora bila kujua. Aliusogelea hata waya wenyewe. Kisha akakumbuka sauti ya mama yake akisema miaka ishirini, akarudi mahali pake.

"Chumvi tatu," alisema.

"Usinionee huruma," alisema mama, macho amefumba. "Watoto hawawezi kucheka hiyo. Ongeza."

"Tano."

"Ongeza, mwanangu."

Ukutani nyasi ziliota hadi kwenye dari. Korongo akatokea, magoti masikioni, shingo nyuma, na shati lake la kaki lilikuwa limefura kama gunia. Kwenye ukosi kilichomoza kichwa cha mtoto wa kike, kikubwa kuliko inavyowezekana, macho kama sahani, kidole kimoja kimevimba kama ndizi. Vijana waliokuwa wakichungulia mlangoni waliangua kicheko. Sekela alicheka huku machozi yakimtoka. Bi Kabula, kwenye kiti, alikuwa akitabasamu kama msichana.

"Tisa," alisema Nyamizi.

5

Alimsindikiza stesheni Jumapili mchana. Mama alikuwa mwepesi. Alilala usingizi mzito usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, akaamka na njaa, akawataka wauza matunda wa stesheni bei za utani na kuwacheka walipokataa. Nyamizi hakuwa amemwona hivyo tangu awe mtu mzima, na furaha ile ilimuuma mahali asipoweza kupaonesha.

Walipata kiti karibu na dirisha. Nyamizi aliweka kikapu juu, akakaa kidogo pembeni yake, zikiwa zimebaki dakika kumi.

"Nyamizi."

"Naam, mama."

"Baba yako aliumwa, najua. Miezi saba. Neno ninalo, nimelisema sana. Lakini nikiitafuta siioni. Naona anakimbia tu, na wewe umetoa kichwa." Alisita, akaikunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Nilimwuguza vizuri?"

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba. Nyamizi hakulifungua.

"Ulikuwa unamwosha kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu," alisema. "Ulikisogeza kitanda ili jua limfikie miguuni, kwa kuwa miguu yake ilikuwa baridi. Alipoacha kukujua, ulijitambulisha upya kila siku. Ulimwambia, 'Mimi Kabula, mkeo, nimekuletea uji.' Kila siku, mama. Hata siku ya mwisho."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

Bi Kabula aliitikia kwa kichwa, akitazama nje, kama mtu anayesikia sifa za jirani aliyehama zamani.

"Huyo mwanamke," alisema, "alimpenda."

Filimbi ikalia. Kwenye ujia watu waliokuja kusindikiza walianza kushuka, wakiagana kwa haraka. Nyamizi alipaswa kushuka nao; Jumatatu alikuwa na shingo za kurekebisha. Alibaki amekaa. Milango ikafungwa, jukwaa la stesheni likaanza kurudi nyuma polepole, na mama yake akageuka kumtazama, hakumuuliza anakwenda wapi.

"Uji wa nini?" aliuliza.

"Wa ulezi," alisema Nyamizi. "Ulitia asali kijiko kimoja, kwa kuwa viwili daktari alikataa. Lakini siku daktari asipokuja, ulitia viwili."

"Eh," alisema mama, akajiweka sawa kwenye kiti. "Endelea."

Akaendelea.